Baraza linataka kupandisha bei ya maji na kutoza maegesho ya bustani: nipinge yote mawili?

*"Wiki ijayo baraza la madiwani la jiji letu litakaa kuamua mambo mawili katika kikao kimoja: kupandisha bei ya maji, na kuanza kutoza ada ya kuegesha magari kwenye bustani kubwa ya jiji, ambako miaka yote tumeegesha bure. Mimi nina nyumba ya kupangisha. Tuko kaya tano, tunatumia mita moja ya maji. Mwaka jana tulihimizwa kubana matumizi, tukabana kweli. Sasa tunaambiwa bei inapanda kwa sababu maji yaliyouzwa yamepungua! Naona tunaadhibiwa kwa kutii. Maji si haki ya binadamu? Na bustani si tunailipia tayari kwa kodi? Kila mwananchi amepewa dakika tatu za kuzungumza. Nilitaka kwenda kupinga yote, lakini jirani yangu anasema nikipinga bei ya maji nitajiumiza mwenyewe. Nifanye nini?"*

Ndugu yangu, hasira yako ina msingi, na jirani yako naye hajakosea. Kinachowachanganya ni kwamba baraza limeyaleta mambo mawili siku moja, yakaonekana kama mkono mmoja unaoingia mfukoni mwako mara mbili. Ni mambo tofauti kabisa. Bei ya maji inahusu kulipia mtandao wa mabomba unaochakaa uwe umefungua bomba au hukufungua. Ada ya maegesho inahusu nafasi chache zinazogombewa na watu wengi. Ukivipima kwa mizani moja, utapoteza hoja pande zote mbili.

Ushauri wangu, kabla ya maelezo: usitumie dakika zako tatu kupinga kiwango cha bei ya maji. Pinga namna bei hiyo ilivyopangwa, maana kwa nyumba yenye kaya tano na mita moja, hapo ndipo unapoumizwa. Kuhusu maegesho, usikubali wala usikatae mpaka baraza likuonyeshe nani anaegesha pale na saa ngapi.

Tuanze na kinachokuuma zaidi: mmebana matumizi, na bei inapanda. Maji hayagharimu kama bidhaa ya dukani, ambapo muuzaji asipouza haagizi mzigo mwingine. Sehemu kubwa ya gharama za mamlaka ya maji haibadiliki kwa kiasi kinachouzwa: mikopo iliyojenga mtambo wa kusafishia, mishahara, matangi, mabomba yanayohitaji kubadilishwa. Kinachopungua mnapobana ni umeme wa pampu na dawa za kutibu maji. Umeme huo si kidogo, kwa sababu maji ni mazito. Uniti moja ya maji ni lita 1,000, yaani tani nzima, na kuipandisha tani hiyo mita 100 juu kunahitaji walau kilowati-saa 0.27 za umeme. Kwa pampu za kawaida, ambazo hupoteza nguvu, hufika karibu 0.4. Hata hivyo, kwenye hesabu za miji mingi gharama hizi zinazobadilika bado ni ndogo kuliko zile zisizobadilika.

Chukua mfano. Mamlaka inahitaji fedha 100 kwa mwaka, 80 kati yake hazibadiliki na 20 zinafuata kiasi cha maji. Jiji zima likibana kwa asilimia 10, gharama zinashuka hadi 98 tu, lakini mapato yanashuka hadi 90. Ili pengo hilo lizibwe, bei ya kila uniti lazima ipande karibu asilimia 9. Hii si adhabu, ingawa inafanana nayo sana ukiitazama kwenye bili. Na jambo ambalo mamlaka nyingi husahau kuwaeleza watu ni hili: aliyebana bado ananufaika. Kaya iliyopunguza matumizi kwa asilimia 20, hata baada ya bei kupanda asilimia 9, inalipa karibu asilimia 13 pungufu ya ilivyokuwa ikilipa. Anayebeba mzigo ni yule ambaye hakubana kabisa.

Kwa hiyo jirani yako yuko sahihi kwa sehemu hii. Baraza linaloogopa kupandisha bei mwaka hadi mwaka kwa sababu ya uchaguzi haliokoi fedha ya mtu yeyote. Linaahirisha ukarabati. Mabomba yanaanza kupasuka, maji yanakuja kwa mgao, na bomba linapokosa presha maji machafu ya ardhini huingia kupitia nyufa. Wenye uwezo wanachimba visima na kununua matangi. Wasio na uwezo wananunua maji ya madumu, ambayo kwa kila lita huwa ghali mara nyingi kuliko ya bomba. Nimeona mabaraza mengi yakipigiwa makofi kwa kuzuia bei, na sijaona hata moja lililowasaidia watu wa kipato cha chini kwa njia hiyo.

Kuhusu haki ya binadamu: ndiyo, ni haki. Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliitambua haki ya maji safi na usafi wa mazingira tarehe 28 Julai 2010. Lakini haki hiyo haisemi maji yatolewe bure. Inadai yawe salama, yafikike, na gharama yake isimzuie mtu kuyapata. Hoja hii ukiitumia vizuri ni kali kuliko kusema tu "maji ni haki". Umoja wa Mataifa, ukirejelea Shirika la Afya Duniani, unasema mtu anahitaji kati ya lita 50 na 100 kwa siku kukidhi mahitaji ya msingi. Kwa familia ya watu watano, hiyo ni kati ya uniti saba na nusu na uniti 15 kwa mwezi. Sasa fungua pendekezo la baraza uangalie ngazi ya kwanza ya bei, ile nafuu, inaishia uniti ngapi. Ikiwa inaishia uniti tano, basi bei nafuu inakwisha kabla mahitaji ya msingi hayajatimia, na hilo unaweza kulisema mbele ya diwani yeyote bila kupaza sauti.

Sasa nyumba yako. Miji mingi hutumia bei za ngazi: uniti za mwanzo bei ya chini, zinazofuata bei ya juu, na za mwisho bei ya juu zaidi. Nia ni njema, kwamba anayetumia kidogo alipe kidogo na mwenye bwawa la kuogelea alipe zaidi. Lakini utaratibu huu unahesabu mita, hauhesabu watu. Tuseme uniti 10 za kwanza ni shilingi 1 kila moja, 10 zinazofuata shilingi 2, na zote zinazozidi hapo shilingi 3. Kaya yenye mita yake na matumizi ya uniti 10 inalipa shilingi 10. Kaya tano za aina hiyohiyo nyuma ya mita moja zinatumia uniti 50, na bili inasomeka hivi: 10, jumlisha 20, jumlisha 90, jumla 120. Kila kaya 24. Wakati huohuo familia moja kwenye jumba lake, ikitumia uniti 20, inalipa 30, yaani shilingi moja na nusu kwa uniti, ilhali wapangaji wako wanalipa mbili na senti 40 kwa uniti. Mpangaji wa chumba kimoja anatozwa kama mwenye anasa.

Hili halisababishwi na ubaya wa mtu. Aliyepanga bei alikaa na orodha ya mita, na kwenye orodha hiyo nyumba yako inaonekana kama mteja mmoja mkubwa. Kwa sababu hiyo ni kosa linaloweza kurekebishwa bila kubadilisha mapato ya jiji kwa kiasi kikubwa. Omba baraza liruhusu mita inayohudumia kaya nyingi izidishiwe ngazi kwa idadi ya kaya: kaya tano, basi uniti 50 za kwanza zihesabiwe kwa bei nafuu. Kwa mfano wetu, bili inashuka kutoka 120 hadi 50.

Njia ya pili ni kila kaya kupata mita yake. Hapo nakuomba uwe mwangalifu, maana wengi hukimbilia huko bila kupiga hesabu. Kila mita huja na ada yake ya huduma ya kila mwezi, inayolipwa hata usipotumia tone. Leo mnalipa ada moja mkagawana watu watano. Mkitenganisha, mtalipa ada tano. Kwa bei zetu za mfano, ada ikiwa 4, mita tano zitawagharimu 70 na mita moja 124, kwa hiyo kutenganisha kunalipa. Ada ikiwa 20, mita tano ni 150 na mita moja ni 140, na mmejiumiza wenyewe, bado hujahesabu gharama za fundi na maunganisho. Angalia vizuri kama pendekezo la baraza linapandisha ada hiyo ya kila mwezi. Mamlaka huipenda kwa sababu mapato yake hayayumbi, lakini humkamua zaidi anayetumia maji kidogo.

Na kwa kuwa wewe ndiye mwenye nyumba, niseme jambo ambalo hukuliuliza. Ikiwa mnagawana bili sawa kwa sawa kati ya kaya ya mtu mmoja na kaya ya watu saba, basi dhuluma unayoilalamikia kwa jiji ipo pia ndani ya geti lako. Mita ndogo za ndani, za kugawia bili tu, zinaimaliza bila kuihusisha mamlaka.

Swali moja la kuuliza barazani linazidi yote uzito: kati ya maji yanayotoka mtamboni, ni kiasi gani kinalipiwa? Kinachobaki ni mavujo, maunganisho ya wizi, mita mbovu na bili zisizofuatiliwa, na gharama yake inaingia kwenye bei ya wanaolipa. Hakuna jiji linalofika sifuri, ila tofauti kati ya miji ni kubwa mno. Phnom Penh, mji mkuu wa Kambodia, mwaka 1993 ulikuwa ukipoteza takriban asilimia 72 ya maji yake. Miaka 15 baadaye ulikuwa chini ya asilimia 10. Waliweka mita kwa kila mteja, wakatafuta mavujo usiku na mchana, wakawatoza hata wakubwa waliozoea kutolipa, na bei ikapandishwa huduma ilipoanza kuonekana. Mpangilio huo ndio ninaoutetea. Baraza linaloomba ongezeko la bei bila kutaja lengo la kupunguza upotevu, kwa tarakimu na kwa mwaka, linawauzia mbuzi kwenye gunia.

Uliza pia kama fedha za maji zina akaunti yao inayojitegemea. Baadhi ya mabaraza huchota humo kuziba matundu mengine, na hapo bei ya maji inageuka kodi isiyopigiwa kura. Kuna jimbo lililoliwekea jambo hili sheria: California, tangu 1996, serikali za mitaa haziruhusiwi kutoza huduma ya maji zaidi ya gharama ya kuitoa. Mwaka 2015 mahakama ya rufaa huko iliuambia mji wa San Juan Capistrano kwamba hata bei ya kila ngazi lazima iwe na gharama inayoielezea. Haitoshi kusema tu kwamba ya juu imewekwa ili watu wabane. Sheria za kwenu zinaweza kuwa tofauti, lakini swali lenyewe halihitaji sheria: "Tuonyesheni hesabu iliyozaa kila ngazi."

Bustani sasa. Unasema mnailipia tayari kwa kodi, na ni kweli. Lakini kinachopendekezwa, kama nimekuelewa, ni ada ya kuegesha. Kuingia kunabaki bure. Ukitaka kujua kama hilo ni la haki, jiulize nani hulipia maegesho ya bure. Gari moja lililoegeshwa, pamoja na njia ya kuingilia na kugeuzia, hula karibu mita za mraba 25 hadi 30. Hiyo ni ardhi ya bustani iliyowekwa lami, kufagiliwa na kuwekewa taa kwa kodi za wote, wakiwemo wanaokuja kwa miguu, kwa baiskeli na kwa basi. Hao hawajaegesha kitu, lakini wamechangia.

Hata hivyo, kuchangia peke yake hakutoshi kuhalalisha ada. Sababu nzuri ya kutoza maegesho ni moja: pamejaa, na wanaostahili kupata nafasi hawapati. Mita za kwanza za maegesho duniani, yaani mashine za kulipia muda wa kuegesha, zilizowekwa Oklahoma City, Marekani, mwaka 1935, zilitokana na tatizo hilohilo: wafanyakazi waliegesha asubuhi wakaondoka jioni, wateja wakakosa pa kusimama. Nahisi bustani yenu ina ugonjwa huo. Bustani zilizo karibu na ofisi hujaa saa mbili asubuhi kwa magari ya watu ambao hawatakanyaga nyasi siku nzima, na mzazi mwenye mtoto akija saa tisa anazunguka mpaka anakata tamaa. Ikiwa ndivyo ilivyo, ada iliyopangwa vizuri inakurudishia wewe bustani yako.

Profesa Donald Shoup wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kutetea kanuni rahisi: bei sahihi ya maegesho ni ile ya chini kabisa inayoacha nafasi chache wazi, karibu asilimia 15, ili anayefika asizunguke. Palipo patupu, bei sahihi ni sifuri. San Francisco ilianza kuifanyia kazi kanuni hiyo mwaka 2011: bei zilipanda mitaa iliyojaa na zikashuka iliyokuwa na nafasi. Kwa hiyo ukisikia baraza linataka ada moja, siku zote, saa zote, bila kuhesabu magari, ujue linatafuta mapato tu. Kuhesabu magari si kazi kubwa. Wewe na majirani mnaweza kwenda siku ya kazi na siku ya mapumziko, asubuhi, mchana na jioni, mkaandika nafasi ngapi zimejaa na magari mangapi hayajaondoka tangu asubuhi. Karatasi hiyo moja ina uzito kuliko hotuba kumi.

Ningependekeza saa mbili za kwanza ziwe bure na ada ianze baada ya hapo. Mwenye kutembeza watoto haguswi, anayeegesha kutwa analipa. Watu wenye ulemavu wasitozwe, na siku ambazo bustani huwa tupu zisitozwe pia. Hasara za mpango huu zipo, na usizifiche utakapozungumza: mitaa ya jirani itajaa magari yanayokwepa ada, na kukusanya fedha kunagharimu. Mashine, wasimamizi na programu ya simu vinaweza kula nusu ya makusanyo au zaidi ikiwa bustani ni ndogo. Ombeni makadirio ya kinachobaki baada ya gharama, na ombeni kibaki kwenye bustani hiyohiyo: vyoo, taa, miti.

Ikiwa pendekezo linataja mkandarasi wa kuendesha maegesho, soma muda wa mkataba kabla ya kitu kingine. Mwaka 2008 Chicago ilikodisha mita zake za maegesho barabarani kwa miaka 75, kwa malipo ya mkupuo ya takriban dola bilioni 1.15. Mwaka uliofuata mkaguzi mkuu wa jiji hilo alihitimisha kwamba zilikuwa na thamani kubwa zaidi ya hiyo. Fedha nyingi zilitumika ndani ya miaka michache. Mkataba unaendelea hadi miaka ya 2080, na kila jiji linapofunga mtaa kwa shughuli zake linaweza kudaiwa fidia. Ada mbaya inafutwa na baraza lijalo, mkataba mbaya haufutiki hivyo.

Dakika tatu ni kama maneno 350, kwa hiyo usijaribu kusema yote haya. Omba kwanza kura zipigwe mbalimbali, maji peke yake na maegesho peke yake, ili diwani asijifiche nyuma ya furushi. Kisha chukua bili yako, taja kaya tano, taja mlicholipa, taja ambacho mngelipa kama ngazi zingezidishwa kwa idadi ya kaya. Mfano mmoja wenye tarakimu za kweli hukaa akilini mwa madiwani. Maliza na swali la upotevu wa maji, ukiomba jibu liingie kwenye kumbukumbu za kikao. Maegesho mwachie jirani yako mwenye karatasi ya magari yaliyohesabiwa, akitumia dakika zake. Na pelekeni maoni kwa maandishi siku chache kabla, kwa kuwa madiwani wengi huingia ukumbini wakiwa wameshaamua.

Yapo mambo ambayo mimi siwezi kukusaidia nayo kutoka hapa. Bili ikiruka ghafla bila matumizi kuongezeka, usingoje kikao. Usiku funga mabomba yote, andika namba za mita, usome tena asubuhi kabla mtu hajaamka. Zikiwa zimesogea, mna uvujaji, mara nyingi chooni, na unahitaji fundi bomba. Zisiposogea, nenda ofisi ya mamlaka uombe mita ipimwe. Mpangaji akitishiwa kukatiwa maji, hasa kukiwa na mtoto mchanga au mgonjwa ndani, aende mwenyewe dirishani kabla ya tarehe ya mwisho kuomba kulipa kwa awamu, na aondoke na makubaliano yaliyoandikwa. Na mkigundua kwamba baraza limeruka hatua ya kutangaza au kupokea maoni, muoneni mwanasheria au kituo cha msaada wa kisheria wiki hiyohiyo, mkiwa na nakala ya tangazo na ya kumbukumbu za kikao. Muda wa kupinga maamuzi ya aina hii mahakamani mara nyingi ni mfupi, na huanza kuhesabiwa siku ya uamuzi, bili ya kwanza ikiwa bado haijawafikia.